Mukaba Uliokataa Kuniachilia

Jumamosi, tarehe tisa, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilinyesha usiku kucha juu ya mabati yetu huko Nzilo, ikakoma kulipokucha. Halafu jua likatoka kali, na barabara yote ikawa inafuka mvuke kama sufuria.

Naandika nikiwa nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Manika. Mjukuu wangu wa kwanza amelala kwenye chumba cha pili, na kila nikiandika mstari mmoja naenda kumwangalia kama bado anapumua. Anapumua. Alizaliwa juzi, lakini mimi nimemshika leo, na namna nilivyomshika ndiyo nataka kuiandika kabla watu hawajaanza kuisimulia kila mmoja kwa njia yake. Sijui kama nitaiandika sawa. Shule niliacha mapema, na tena mimi mwenyewe nilikuwa nimefungwa kitini sehemu kubwa ya mambo haya, kwa hiyo mengine niliyaona upande mmoja tu.

Kwetu, mtoto wa kwanza akitoka materniti, yaani hospitali ya uzazi, anayembeba kutoka ni mama wa mama yake. Mama yangu alimtoa binti yangu hivyo, akiwa amevaa kitambaa cheupe kichwani, na mimi nikitembea nyuma nimeshika ukuta. Kwa akina mukwe wangu, mume wa binti yangu, ambao ni watu wa kaskazini ya Katanga, anayembeba ni mama wa baba. Siwezi kusema desturi yetu inashinda yao. Nimetafuta sababu ya kusema hivyo wiki nzima na sikuipata hata moja, isipokuwa kwamba niliitaka. Mama wa mukwe wangu, ninayemwita mama mwenzangu, aliona jinsi ninavyoitaka, akaniachia. Aliweka neno moja tu: nifike mapema, kwa sababu vitanda pale ni vichache, na mwanamke mwingine akija na uchungu, kitanda lazima kitolewe.

Nikasema nitafika mapema. Mukwe wangu mwenyewe alikuja kunichukua na gari lake.

Mukwe wangu anaendesha basi la wafanyakazi wa mgodi upande wa Kingamyambo. Kule wanafundishwa mambo ya usalama mpaka wanayaota. Wenzake wengi wakitoka nje ya geti la kampuni wanafungua mkanda wa gari, mukaba kama tunavyosema hapa, kwa haraka ileile ya mtu anayevua kiatu kinachobana. Yeye hafungui. Hata gari lake la nyumbani, lenye usukani kuume kama mengi yanayotufikia kwa njia ya Zambia, haliwashi kabla kila mtu hajajifunga. Binti yangu anasema siku ya harusi yao alisimamisha msafara mzima kwa sababu shangazi mmoja alikataa mukaba usimkunje blauzi.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Sisi tunashika heshima ya bukwe. Mama mukwe na mume wa binti yake hawagusani, hawapeani mkono, hawaangaliani usoni. Nikipanda gari lake nakaa nyuma kabisa, kwenye pembe ya mbali naye, nikitazama miti. Lakini hili ni gari jipya kwake, la mitumba, na nyuma halina mikaba. Mwenye gari wa kwanza aliikata akafungia magunia ya makala, yaani mkaa. Mikaba imebaki mbele tu.

Mukwe wangu alisimama kando ya gari akijikuna sikio, akasema na tairi.

"Mama, sheria ya mukaba ni sheria. Na sheria ya bukwe, nayo ni sheria. Mi sijue sasa."

Namwita tata, yaani baba, ingawa ana umri wa mwanangu. Nikamwambia, "Tata, mujukulu iko nangojea. Nitakaa mbele. Utaangalia barabara, mi nitaangalia dirisha."

Tukaweka beseni la nguo za mtoto katikati yetu liwe ukuta. Nikajifunika kitenge kichwani kwa upande wake. Magotini nilipakata kopo kubwa la poda, ya kuwamwagia watu shingoni na kifuani wakati wa furaha, maana mtoto akitoka bila poda jirani watauliza kama kuna msiba. Mukaba nilijifunga mwenyewe, yeye akinielekeza huku akikitazama kioo cha mbele.

"Vuta polepole, mama. Ukivuta na nguvu inakataa. Sasa ingiza mpaka ilie."

Ukalia. Nikajiona kama mke wa injinia. Labda niliufunga vibaya, sijui. Niliupitisha juu ya kopo la poda, na baadaye nimejiuliza kama hilo lilichangia. Mukwe wangu anasema hapana. Lakini yeye asingesema ndiyo, hata kama ingekuwa ndiyo.

Tulikwenda vizuri mpaka mahali barabara inapoteremka. Lori la madini lilikuja mbele yetu likiwa katikati ya njia. Nataka nisimwonee dereva wa lori: kwake pia kulikuwa na dimbwi, na nadhani alikuwa analikwepa. Mukwe wangu akampisha. Matope yakatuchukua. Hatukwenda kwa kasi, tuliteleza taratibu, mtu angeweza kutembea kando yetu akitusalimia, na mwisho gari likatia mdomo kwenye kichuguu kikubwa, likasimama.

Kuhusu mukaba, nilichokiona ni hiki. Gari lilipogonga, haukunishika. Nilikwenda mbele nao ukanifuata, ukirefuka tu, mpaka mkono wangu ukafika kwenye dashibodi na kunizuia. Kopo likafunguka. Halafu, gari likiwa limeshatulia kabisa na hakuna hatari tena popote, mukaba ukakumbuka kazi yake. Ukasema tak, ukanirudisha kitini, ukanibana. Nikivuta pumzi, unakaa. Nikiitoa, unaongeza kubana kidogo.

Ndani ya gari hatukuonana kwa poda. Ilipotulia, nikasikia sauti ya mukwe wangu.

"Mama, uko muzima?"

"Niko muzima. We?"

"Mi niko muzima."

Najua sikupaswa kumwangalia, lakini niliangalia. Alikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka mapajani, amekaa wima, mikono yote miwili kwenye usukani, macho kwenye paa. Nikacheka. Nilijizuia, lakini kicheko kilitoka, na nikasikia naye anakohoa namna ya mtu anayecheka ndani ya shati. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, tangu amwoe binti yangu, tucheke jambo moja kwa wakati mmoja.

Kisha nikataka kushuka, na mukaba ukakataa. Nilikibonyeza kile kidude chekundu, kikazama ndani, wala hakikurudi. Nikabonyeza tena kwa kidole gumba, kwa viwili, kwa ufunguo wa nyumba. Mukwe wangu alikuwa ameshashuka. Alisema kwa vile kufuli lake liko kiunoni mwangu, hawezi kuliwekea mkono. Nikamwambia namwelewa. Ni kweli nilimwelewa. Hata kama angejaribu, ningempiga na kopo.

Akapatikana mwanamke aliyekuwa akiuza uyoga kando ya barabara, na mume wake aliyekuwa akisukuma baiskeli ya makala. Yule mama alichungulia dirishani, akaniona mweupe hivyo nimefungwa kitini, akauliza kwa upole kama ninapelekwa kwa waombezi. Mukwe wangu akamweleza. Aliposikia ni mama mukwe hakuuliza neno lingine. Alitua beseni lake la uyoga, akafuta mikono.

Basi mukwe wangu akageuka, akatupa mgongo, akamfundisha yule mama kazi huku uso wake ukielekea kichuguu. Alifundisha kama wanavyofundishwa kule kazini, kwa sauti kubwa na kwa mpango: kwanza kulegeza, pili kusukuma chini, tatu kubonyeza na kuvuta kwa pamoja. Alionyesha kwa mikono. Sisi wawili hatukuona mikono yenyewe kwa sababu ilikuwa mbele yake. Yule mama alibonyeza mpaka jasho likamtoka.

"Tata," akasema, "uko nafundisha kichuguu. Ile haiko na mukaba."

Mume wake akasema yeye ana jibu, akachomoa panga chini ya magunia. Lilikuwa panga refu la kukatia miti, na lilikuwa na kutu.

"Ile?" mke wake akamwuliza. "Kuku tu ulishindwa kukata, njo utakata mukaba na mama ndani?"

Nilishukuru kwa moyo wote. Yule baba alikuwa na nia njema, nataka hilo liandikwe. Lakini nilisema heri niende materniti nimefungwa.

Wakati huo simu ya mukwe wangu ikalia. Ilikuwa namba ya binti yangu. Mukwe wangu aliiweka simu juu ya beseni la nguo, mahali mimi na yeye tungeisikia bila kupokezana, na sauti iliyotoka haikuwa ya binti yangu, ilikuwa ya mama mwenzangu. Akasema kitanda kimeombwa. Kuna mwanamke amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, uchungu umekaza, na mkunga ameuliza mara ya pili. Akasema, "Mama, mi sisemi kitu. Sema we mwenyewe."

Nitakuwa mkweli. Kwanza nilimchukia yule mwanamke wa kwenye benchi, ambaye sijamwona mpaka leo. Nilimchukia kama muda wa kumeza mate. Nikakumbuka benchi ile. Ni ya chuma, haina mgongo. Nilitazama mbele, kichuguu kimejaa kwenye kioo, gari liko matopeni, mimi nimefungwa, na hakuna mtu aliyejua tutatoka saa ngapi.

"Mutoke naye," nikasema. "Umubebe we. Kitanda bapatie ule mama."

 Akasema, "Mama, ni we umesema." Nikasema ndiyo, ni mimi. Mukwe wangu alikwenda nyuma ya gari akalisukuma peke yake kwa nguvu ambayo sikujua anayo, mpaka yule baba wa makala akamwambia angoje wenzake.

Walinisukuma nikiwa ndani kama mzigo. Yule baba aliuliza kama mama hawezi kushuka kidogo kupunguza uzito, mke wake akamwambia anyamaze asukume. Tope lilimrukia mukwe wangu juu ya poda, akawa na mabaka kama mbuzi wa sikukuu. Gari likatoka. Taa moja imepasuka na mdomo umebonyea, lakini injini iliwaka. Poda iliyobaki chini ya kopo, kiasi cha viganja viwili hivi, nikaifunga vizuri.

Njiani nilitazama dirisha, kama nilivyoahidi. Nilijiambia kwamba mtoto ni mtoto, mlango ni mbao tu, na mama mwenzangu ana mikono mizuri. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Tulipoingia kwenye uwanja wa materniti nilitafuta kwa macho veranda, nikaona binti yangu amekaa kwenye kiti, mifuko iko miguuni, anatabasamu. Mama mwenzangu sikumwona. Halafu nikamwona. Alikuwa amesimama jua kali, ndani ya geti, hatua moja kutoka kwenye mstari ambapo saruji inaishia na barabara inaanzia. Amembeba mtoto, amemfunika na pembe ya kitenge chake. Mlinzi wa geti alikuwa amemshikia mwamvuli na alionekana amechoka kuushika.

Mukwe wangu akageuza gari, akalisimamisha hapohapo likitazama geti. Mama mwenzangu akaja upande wangu, akafungua mlango, akatutazama: mimi, kisha mwanawe, kisha mimi.

"Mama," akasema, "bamekukaanga?"

Nikamweleza haraka. Alicheka mpaka akampa mlinzi mtoto amshikie, kisha akamnyang'anya tena kwa sababu mlinzi alimshika kama tikiti maji. Alipopata pumzi akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu yalinigusa; kumutosha kwetu ni kumtoa, na ju ni kwa sababu.

"Mi nilimutosha ndani ya chumba, ju kitanda kiliombwa. Kumutosha ku geti, hakuna mutu aliniomba."

Akanipa mtoto. Alimlaza kwenye mkono wangu, juu ya mukaba. Mtoto ni msichana. Ana nyusi tayari. Alinitazama, au alitazama kitenge, sijui wanaona nini wakiwa hivyo, akapiga chafya kwa ajili ya poda. Nikamfuta poda puani.

Mama mwenzangu akapiga paa la gari. "Sasa mutoke naye."

Mukwe wangu hakuwasha gari. Alizungumza na usukani. Alisema mtoto mchanga hapakatwi kitini mbele, hata hatua moja, hiyo kule kwao ni kufukuzwa kazi siku hiyohiyo, na sheria yake mwenyewe haikubali pia. Ilimuuma, maskini, kunikatalia jambo. Nilimwona ana haki. Lakini na mimi nilikuwa nimefungwa, mtoto yuko mikononi mwangu, na geti liko pale.

Walioamua ni wanawake wa veranda, waliokuja na beseni zao kuangalia. Wakasema kama tatizo ni kuendesha, asiendeshe. Mukwe wangu akafikiri, akasema sheria inazungumzia gari linaloendeshwa. Akatia gia huru, akashuka, akashika usukani kwa nje ya dirisha akitembea kandokando. Wanawake wakasukuma nyuma. Mlinzi akafungua geti mbele yetu kwa mikono miwili, kama anampokea gavana. Tukavuka ule mstari wa saruji polepole kuliko jeneza, lakini kwa vigelegele, mama mwenzangu akitangulia mbele ya gari akicheza, kopo la poda mkononi, akimwagia kila shingo aliyoifikia. Pikipiki za teksi zilisimama. Mpita njia mmoja aliuliza nani ameolewa.

Kisha wakaturudisha ndani, kwa sababu binti yangu na mifuko walikuwa bado kwenye veranda na walikuwa wamesahauliwa.

Mukaba ulikatwa na mkunga. Alikuwa ametoka kumpokea mtoto wa yule mwanamke wa benchi, na kila kitu kilikuwa kimekwenda salama. Alikuja na makasi yake, akainama, akatazama ule mkanda uliokaza juu ya tumbo langu.

"Mama, usisukume," akaniambia.

Akakata. Nikateleza nikasimama chini, miguu imekufa ganzi, na wanawake wakashangilia mara ya pili. Mkunga akamtangazia kila mtu kwamba ni mwanamke, yu hai, na uzito wake hatausema hadharani.

Mukwe wangu alikuwa ameshajificha nyuma ya ukuta wa jiko la hospitali. Alimtuma mke wake aniletee maneno: anaomba msamaha, mukaba ni wake, gari ni lake, alipaswa kuujaribu kabla ya kunifunga nao. Nilimrudishia maneno kwa mke wake huyohuyo. Nilisema sioni kosa lake. Mukaba haukunishika wakati wa kushika, na haukuniachilia wakati wa kuachilia, hayo ni makosa mawili ya mukaba. Lakini bila mukaba wowote labda ningekaa huru, raha, mikono imelala, na nisingejizuia na dashibodi. Au labda ningejizuia vizuri zaidi. Hilo sikuweza kulipima, wala sasa siwezi. Binti yangu alichoka kwenda na kurudi na maneno akiwa na siku mbili tu tangu kujifungua, akatuambia tuandikiane.

Jumatatu mukwe wangu atatafuta mukaba mwingine kwa wauza vipuri, na safari hii ataujaribu yeye kwanza, kwa kujirusha mbele. Anasema atatafuta na ya nyuma pia, ili nirudi kwenye pembe yangu. Nilifurahi kusikia hivyo. Nimeona pia, na sitamwambia mtu, kwamba pembe ile ni mbali kidogo.

Kuhusu nani amemtoa mtoto, watu wa nyumba wamegawanyika. Wengine wanasema chumba ndicho kutoka, wengine geti. Mama mwenzangu akiulizwa anasema, "Mama ule njo alimutosha," ananionyesha kwa mdomo. Mimi nikiulizwa namwonyesha yeye. Naamini kila mmoja wetu anasema ukweli anaouona, na kwa upande wangu sijui neno la haki zaidi ya hilo.

Jioni tumekula bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo yenye karanga, na samaki wakavu wa kukaanga na nyanya. Mukwe wangu alikula nje na baba yake. Bega langu la kushoto linauma pale mukaba ulipobana, kwa hiyo aliyesonga bukari ni mama mwenzangu, na lazima niandike kwamba yake ni laini kuliko yangu.